Sidi Nilizompa Dereva

Kaptembwo, Nakuru
Jumamosi jioni

Mwanangu Nafula,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako, nami nimeketi kwenye kitanda chako kwa sababu ndipo mahali pekee humu ndani ambapo hapajarundikwa mizigo yako. Barua hii nitaikunja ndani ya sweta ya kijivu. Najua ndiyo utakayoitoa kwanza ukifika Nairobi, maana unahisi baridi kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Mambo ya blanketi, ya kufunga mlango na ya kutotembea na simu mkononi nimeshayasema mpaka ukanijibu, "Mum, hata mwizi akinipata nitamwambia nilishaonywa." Basi sitayarudia.

Nataka kukuandikia juu ya sidi zako. Najua unatabasamu. Unadhani nimeanza tena ule ubishi wetu wa nani anapiga ngoma vizuri. Huo nao utakuja, lakini kwanza kuna jambo ambalo sijawahi kukuambia. Jumapili iliyopita, Mzee Wekesa alipokunyooshea mkono mlangoni mwa kanisa akuage, ukampita kama unayepita nguzo ya stima. Mkono ule ulibaki hewani. Mimi nilikuwa nyuma yako nimebeba vitabu vya nyimbo, nikajua siwezi kukuacha uende ukiwa hivyo.

Niache nianzie mwanzo, kwa sababu nikianzia katikati nitajitetea.

Ulikuwa kidato cha tatu ulipoanza kwenda Jumamosi kwa duka la vipuri la Bwana Harjit, kumsaidia kupanga boliti na fani belti kwenye rafu. Mpwa wake kule Uingereza alikuwa amehama nyumba, akamtumia katoni la vitu asivyovitaka, na ndani mlikuwa na sidi kumi na moja. Bwana Harjit alizijaribu moja moja akiwa dukani, kisha akakuita. Ulinisimulia wewe mwenyewe, ukimwigiza: "Nafula, chukua hii makelele yote peleka kwenu. Mimi kichwa inauma, wateja nao inakimbia."

Siku ya kwanza uliweka ile ya manjano, yenye picha ya kiatu kimoja. Nilikuwa nachagua maharagwe. Nikasikia mngurumo, halafu mtu anapiga kelele kama aliyebanwa kidole na mlango, nikakuambia hiyo redio imeharibika, uipeleke kwa fundi. Ulicheka mpaka ukaketi chini.

"Mum, hiyo ndiyo sauti yake."

"Basi wenyewe ndio wameharibika."

"Sikiliza vizuri. Wanajua kodi tatu tu za gita, na hawaombi mtu msamaha."

Mimi nilikuwa nimefundisha kwaya sauti nne kwa miaka kumi na saba. Najua kumsikia mtu mmoja aliyetoka kwenye ufunguo kati ya watu arobaini. Kukaa kwangu mwenyewe nikisikiliza watu watatu waliotoka nje ya ufunguo kwa makusudi, wakabaki huko, kulinishinda. Lakini nilikuacha. Ulikuwa unasoma, ulikuwa unanisaidia, na ulikuwa alto yangu bora kuliko wote. Nikasema ni upepo, utapita.

Haukupita. Uliponunua lile daftari la kijani ukaanza kuandika maoni yako, nilijua kuwa umeingia kabisa. Kila albamu uliipa kurasa zake. Ulikuwa unasikiliza, unasimamisha, unaandika, unarudisha nyuma. Nikikuuliza unamwandikia nani, unasema, "Simwandikii mtu. Naweka tu kumbukumbu."

Sasa nifike pale pagumu.

Ulipomaliza mtihani wa kidato cha nne, mwezi wa Novemba, ulikuwa nyumbani siku nzima. Asubuhi moja umetoka kuteka maji, nikawa napangusa meza, na daftari lilikuwa hapo. Nililisoma, Nafula. Sikulisoma kwa bahati mbaya. Nilifungua, nikavuta kigoda, nikaketi, nikalisoma kutoka ukurasa wa kwanza.

Mwanzoni nilifurahi. Juu ya ile albamu ya kiatu uliandika: "Nyimbo kumi na nne, zimeisha kabla chai haijapoa. Hakuna wimbo unaobaki ukumbini baada ya kusema ulichokuja kusema. Wahubiri wetu wangefaidika." Nilicheka peke yangu. Juu ya ile yenye picha ya beseni la kufulia, uliandika kwamba wimbo wa pili na wa tisa ni wimbo mmoja, na kwamba walidhani hatutatambua. Nikasema, huyu mtoto ana sikio, na sikio hilo kalitoa kwangu.

Halafu nikafungua ukurasa uliofuata. Ulikuwa bado unaandika juu ya yule mwanamke wa albamu ya beseni, anayeimba huku anapiga gita la besi. Maneno yako nayajua kwa moyo: "Anaimba kama Mum akiwa peke yake akifua. Si ile sauti ya kanisani. Mum ana sauti mbili, na ile nzuri ndiyo anaificha. Sijui anamwogopa nani."

Nililifunga nikaliweka pale pale lilipokuwa. Uliporudi na mtungi sikukwambia kitu. Kwa siku mbili nilikuwa nikikuangalia nikitafuta kosa lako, nisilipate, na hilo likanikasirisha zaidi. Siku ya tatu nilizitia zile sidi zote kwenye mfuko wa plastiki nikaondoka nazo kwenda kazini. Jioni ulipoziuliza, nilikujibu: "Mzee Wekesa amesema nyimbo za aina hiyo hazifai nyumba ya mwalimu wa kwaya. Ameamuru zichomwe. Zimechomwa."

Hukulia. Uliniuliza tu, "Yeye mwenyewe alizisikiliza?"

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote."

Ukaenda kuosha vyombo. Jumapili hiyo hukuja kwaya, wala ile iliyofuata, na tangu siku hiyo hujaimba kanisani. Ulikuwa unaniamkia kama mgeni anavyomwamkia mwenye nyumba.

Mzee Wekesa hakuwahi kusema neno, mwanangu. Hakuzisikiliza, hakujua hata kama zipo. Nilichukua jina la mzee wa kanisa kwa sababu nilijua hutabishana nalo, na kwa sababu sikuweza kukuambia ukweli, ambao ni kwamba uliandika sentensi moja ikaniuma.

Wala sikuzichoma. Nilizipeleka Salgaa, pale hotelini kwangu ninapowapikia madereva, na Baba Zuhura alipokuja kula nikampa ule mfuko. Unamkumbuka Baba Zuhura, yule dereva wa masafa marefu, mtu wa mtaa wa Bondeni, anayependa chapati zake ziwe zimeungua kidogo. Nikamwambia azitupe mbali, hata ng'ambo ya mpaka wa Malaba.

Aliupima mfuko mkononi. "Ni dawa?"

"Ni nyimbo."

"Nyimbo mbaya?"

"Tupa tu, Baba Zuhura."

Akanitazama, akaziweka nyuma ya kiti chake, akaondoka.

Januari ile ya fujo za uchaguzi unaijua. Sitaki kuiandika yote. Barabara ilifungwa nikiwa Salgaa, malori yakapanga foleni mpaka macho yanapoishia, na mimi nisiweze kurudi kwako. Siku nne. Kadi za simu zilikuwa zimeisha madukani, ile simu moja niliyokupigia ilikatika nikiwa nimesikia tu, "Mum, niko sawa, niko na—" na sikujua uko na nani. Niliwapikia madereva unga uliokuwepo mpaka ukaisha. Siku ya tatu mchana, Baba Zuhura, ambaye naye lori lake lilikuwa limekwama hapo, aliniona nimesimama kando ya barabara nikiangalia upande wa Nakuru, kana kwamba kuangalia kungesaidia.

"Mama Nafula, panda uketi. Miguu yako haifungui barabara."

Nikapanda kwenye lori. Akanyoosha mkono nyuma ya kiti akautoa ule mfuko.

"Ulisema nitupe. Nikasema acha nijue kwanza natupa nini. Niliweka moja nikiwa Timboroa, usingizi umenishika. Mama, usingizi ulitoka wenyewe! Tangu hapo sijazitupa. Huyu wa kiatu amenifikisha Kampala mara mbili."

"Unaelewa wanachosema?"

"Hapana. Lakini naelewa mtu aliyechoka kunyamaza."

Akaweka ile ya beseni, akashuka kwenda kuzungumza na wenzake, akaniacha peke yangu. Hapo, Nafula, ndipo nilipozisikiliza nyimbo zako kwa mara ya kwanza, kwa kuwa siku zote nilikuwa nazisikia tu. Sikuwa na maharagwe ya kuchagua. Sikuwa na pa kwenda. Yule mwanamke alianza chini, karibu kunong'ona, gita lake la besi likitembea polepole kama mtu anayezunguka chumbani. Nikamsubiri apande. Hakupanda. Aliimba beti mbili nzima akijizuia, na katika ubeti wa tatu sauti yake ikapasuka katikati ya neno, na hawakuurudia. Waliuacha mpasuko huo kwenye sidi watu wote wausikie. Mimi ningewaambia warudie. Kwaya yangu ingerudia mara ishirini mpaka mpasuko utoke, na wimbo ungetoka nao.

Nililia mle ndani ya lori. Nililia kwa ajili yako, na ya barabara ile, lakini nililia pia kwa jambo la zamani ambalo nimekudanganya maisha yako yote. Hilo nalo nilimalize.

Nimekuambia tangu ukiwa mdogo kwamba nilikuwa niimbe na bendi, na babu yako akanikataza. Umeikuta picha yake hapo ukutani, na kofia ya reli, ukawa unamwita "yule mkali". Babu yako hakunikataza kitu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Vijana wa karakana ya reli walikuwa na magita mawili na ngoma, wakanisikia nikiimba kwenye mfereji, wakaniomba. Tulijizoeza miezi mitatu. Siku ya kuimba katika ukumbi wa wafanyakazi nilichungulia kupitia pazia nikamwona baba yangu ameketi mstari wa mbele kabisa, shati limepigwa pasi, na pande zote mbili wenzake wa zamu aliowaleta wamsikie binti yake. Uso wake ulikuwa umefurahi kiasi ambacho sikuwahi kukiona. Nikaogopa. Nikaona kwamba nikikosea, atakosea pamoja nami mbele ya watu wote. Nilitokea mlango wa nyuma nikarudi nyumbani kwa miguu.

Alikuja baadaye, akaketi mlangoni pangu. "Ulikuwa mgonjwa?"

"Ndiyo, Baba."

"Haya. Siku nyingine."

Haikuwapo siku nyingine. Lakini watu walipokuwa wakiniuliza kwa nini niliiacha ile bendi, nilianza kusema, baba yangu ni mtu wa dini, hapendi. Niliisema mpaka nikaizoea, na alipofariki nikaendelea kuisema, maana hakuwapo wa kunisahihisha. Kwa hiyo unaona, Mzee Wekesa si wa kwanza. Kila nilipoogopa nilimtafuta mwanamume mwenye heshima nikamvika woga wangu, kisha nikaonekana mimi ndiye mtiifu. Uliuliza kwenye daftari namwogopa nani. Hakuna mtu, Nafula. Naogopa kukosea nikionekana. Ni jambo dogo sana ukiliandika, na limekula miaka mingi.

Barabara ilipofunguliwa, Baba Zuhura alinileta mpaka njia panda, nikakimbia iliyobaki na ule mfuko mkononi. Nilikuta chumba chetu kimejaa. Ulikuwa umemweka ndani jirani yetu Mama Shiro na watoto wake wawili, mmefunga dirisha kwa godoro, na wewe umeketi chini ukiwapigia watoto sufuria kwa vijiko viwili, polepole sana, ule mdundo wa albamu ya kiatu, nao wanaitikia kwa kunong'ona. Kupiga kelele kwa kunong'ona! Sijawahi kusikia kwaya iliyoniingia hivyo. Nilikuwa nimeomba Mungu nikukute mzima tu. Nikakukuta mzima na umeshawalea watu.

Ndipo ukauona mfuko.

"Zilichomwa zikafufuka?"

"Hazikuchomwa," nikasema. "Nilimpa Baba Zuhura."

Macho yako yakafunguka. "Kumbe ulimficha Mzee! Ulimwambia umezichoma, kumbe umeniwekea!" Ukanikumbatia mbele ya Mama Shiro, ukamwambia, "Unaona mamangu? Alidanganya kanisa kwa ajili yangu."

Na mimi nilinyamaza. Hilo ndilo kosa ambalo ningelifuta kama ningepewa nafasi ya kufuta moja tu. Ulikuwa umenyamaza nami wiki nyingi, na sasa mikono yako ilikuwa shingoni mwangu. Sikuwa na nguvu za kuiondoa. Nimezivaa sifa hizo miezi minane, na kila mara unapompita yule mzee zinanibana kifuani.

Lakini sitaki uidharau miezi hiyo minane, kwa sababu haikuwa ya uongo. Jioni zile tulizokaa hapa na hiyo redio kati yetu, chai imepoa, ndizo zilizonifanya niweze kuandika barua hii. Ulinifundisha kusikiliza albamu nzima bila kuruka. Ulisema, "Mum, hii si duka, usichague. Waliipanga." Nikagundua kwamba imepangwa kama ibada: kuna wimbo wa kuingilia, kuna pa kuketi, kuna pa kutoa sadaka, na ikiwa wanajua kazi, hawakuachi uende bila kukubariki. Ile ya kijani yenye kiti kilichovunjika mguu, ambayo wewe unaiona ni bora kuliko zote, bado nasema wimbo wa tano ungewekwa wa mwisho. Umetubariki kabla hatujatubu.

Nilikuuliza siku moja tofauti ya panki, kama ile albamu ya kiatu, na hiyo nyingine mnayoiita altanativu. Ukafikiri, ukasema, "Panki anakuambia amekasirika. Altanativu amekasirika lakini hajui ni kwa nini, kwa hivyo anaangalia viatu vyake." Nilikuambia basi nusu ya kwaya yangu ni altanativu. Ukaandika hilo kwenye daftari, na chini yake ukaanza sehemu mpya: "Maoni ya Mum." Sijui kama unajua nilivyojisikia kuona jina langu limeandikwa humo kwa wino. Tangu mwezi wa tatu nafua nikiimba, na mlango nauacha wazi. Mama Shiro amezoea.

Hatukukubaliana katika mengi. Ile yenye jalada jeusi, wale vijana wanne wanaolia mwanzo hadi mwisho, wewe unasema ni wakweli, mimi nasema wamejipenda mno. Mtu mwenye huzuni kweli hana muda wa kuiremba. Yule mpiga ngoma wa albamu ya kiatu unasema ana moto. Nasema anakimbia, na wenzake wanamfuata kwa sababu hawana la kufanya. Lakini wewe ndiye uliyenionyesha kwamba kwenye wimbo wa sita anasita mara moja, nusu ya nusu ya pigo, kabla hawajaingia wote, na kwamba pale ndipo wimbo mzima umesimama. Nilikuwa nimeusikia mara kumi bila kuusikia. Ulipoandika barua yako kwa kile chuo cha mafundi wa sauti cha Nairobi, kurasa tatu juu ya pigo moja la ngoma na chumba walichorekodia kilivyokuwa kikubwa au kidogo, niliona aibu kukuambia uifupishe. Nashukuru sikusema. Walipokujibu kwamba wanakutaka, nilijua kwamba kuna mtu huko ameisoma mpaka mwisho.

Leo mchana, ukiwa sokoni, nilikwenda kwa Mzee Wekesa. Nilimkuta nyuma ya nyumba akilisha kuku. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, yakapotea, nikamwambia tu kama nilivyokuandikia hapa. Aliendelea kumwaga mahindi mpaka kopo likaisha.

"Miezi kumi," akasema, "mtoto huyo ananipita, najiuliza nimemkosea nini. Nilimuuliza hata mke wangu."

"Nisamehe, Mzee."

"Uliazima jina langu bila kuniuliza."

"Ndiyo."

"Ungeniuliza, ningekuambia ukweli. Hizo nyimbo sizipendi, zinapigwa hapo kwa kinyozi. Lakini singekuambia uchukue kitu cha mtoto. Mimi nina watoto sita. Najua kinachorudi na kisichorudi."

Alikuwa na haki ya kunifukuza. Badala yake akasema, "Mwambie simdai salamu. Akirudi Krismasi, akipenda, anipitie. Na wewe Jumapili utawaambia kwaya kwa nini alto yao ilitoroka. Usiwaambie ni mimi." Hapo akacheka kidogo, na mimi nikapata kupumua.

Nitawaambia. Nimeshaanza kuogopa, na nitawaambia hivyo hivyo nikiogopa.

Sikuandika haya ili unisamehe kabla ya basi la asubuhi. Ndiyo maana nayaficha ndani ya sweta. Nataka uyasome ukiwa kwako, mlango umefungwa, usiwe na mtu wa kumtazama usoni. Ukikasirika, kasirika. Una haki, na hasira yako haitanimaliza. Nimekaa siku tatu na hasira ya kuandikwa ukweli na bado niko hai. Ninachokuomba ni kimoja, na si amri. Itakuja siku huko utaogopa. Labda utaketi mbele ya mashine zenu na watu wakubwa wamesimama nyuma yako, mkono utakataa. Siku hiyo, sema "naogopa". Liseme kwa jina lako mwenyewe. Watu wengi watakungoja, kama babu yako alivyokuwa tayari kuningoja, na mimi sikumpa nafasi.

Kitu cha mwisho. Chini ya barua hii kuna sidi usiyoijua. Katoni jingine limefika kwa Bwana Harjit, akanipa hii moja akisema, "Hii imezidi zote, Mama. Hii hata mbwa yangu imetoka nje." Nimeisikiliza yote mara mbili leo asubuhi, bila kuruka. Maoni yangu nimeyaandika kwenye karatasi, nimeikunja nikaibana kwa pini ndani ya jalada. Usiifungue mpaka uwe umeandika yako, na ukiandika kitu unachoona kitaniuma, usikifute, nitumie kilivyo.

Na kama utakuwa bado umenikasirikia utakapoiweka, usingoje upoe kwanza. Albamu hii nadhani iliandaliwa isikilizwe hivyo hivyo.

Mama yako